Mambo Yote ya Binti Yangu, Kurasa Mbili

Mama wa mtoto kama wangu hujifunza uongo mapema. Ukienda kumtafutia shule, husemi kwamba hakai bila kufungwa. Unasema anakaa, ila kidogo. Kuhusu choo unasema anaelewa. Mtoto akishaingia ndani ukweli utajitokeza wenyewe, na kumtoa mtu ni kazi kuliko kumzuia. Nilifundishwa hivyo na akina mama wenzangu wa Lodwar kwenye foleni ya mazoezi ya viungo, na sikuwahi kujuta.

Nilijuta siku niliposema kweli, tena kwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Yeye hufanya kazi Kakuma, na watoto wa kambi ya wakimbizi na wa mjini. Alinipigia simu kwamba ofisi yao itawapeleka watoto Nairobi, kwenye bustani yenye bembea na treni ndogo za kuzunguka, na binti yangu ana nafasi, nami niende kama msaidizi. Binti yangu ana miaka kumi. Miguu haimbebi na maneno hutoka polepole, lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Treni hizo alikuwa akizitazama kwenye simu yangu mpaka chaji inakwisha.

"Dada, niandikie kila kitu," mdogo wangu akasema. "Usifiche. Nataka tujipange vizuri."

Nikaandika kurasa mbili. Kwamba kumnyanyua kunahitaji watu wawili, kwamba chakula kisichopondwa humkaba, kwamba huvaa nepi na hubadilishwa akiwa amelala chini, faraghani. Nilipiga simu mpaka kule bustanini kuuliza kama langoni kuna ngazi. Aliyepokea alisema hajawahi kuulizwa hilo, akaenda kuangalia, akarudi kusema ni tatu. Nikaziandika pia. Nyumbani tukafanya mazoezi ya kupanda treni: namfunga kitini kwa leso, nakiinamisha kiti huku na huku, naye ameng'ang'ania meza. Alicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kurasa zile nilizipiga picha nikamtumia mdogo wangu, akajibu kwamba amefurahi sana.

Basi lingetoka Kakuma alfajiri na kutuchukua Lodwar, kando ya barabara. Tulifika mapema, binti yangu kasukwa nywele, kavaa gauni la Krismasi. Lilipokuja, watoto walikuwa wakiimba madirishani. Mdogo wangu alishuka peke yake.

"Ejok, dada," akanisalimu. "Si ulipata meseji yangu?"

Sikuwa nimepata. Akaanza kuzunguka: ofisi imeamua, ofisi imeogopa, nafasi zetu wamepewa wengine. Nikamwuliza ofisi ilijuaje la kuogopa. Akatoa kurasa zangu, zimechapishwa.

"Mimi nilisoma tu kwa mkutano vile uliandika. Si ni wewe ulisema watu wawili? Ni wewe ulisema chakula inamkaba, nepi ibadilishwe akiwa amelala chini. Sasa hii basi imejaa watoto, dada. Nepi tutabadilisha wapi?"

Aliyasema kwa sauti ya kushindana na injini. Madirishani wimbo ulikatika.

"Ungeniambia ni za mkutano," nikasema, "ningedanganya."

"Usikasirike. Ile safari ingine atakuja."

Akapanda, basi likaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wangu alinyonya ziwa nililonyonya mimi. Nilimchukia asubuhi ile, na hata sasa akipiga simu naiacha ilie kwanza.

Nilikisukuma kiti cha binti yangu mchangani hadi nyumbani, nikimtukana mama yake mdogo kwa Kiturkana, maneno asiyofaa kuyasikia mtoto. Yeye alikuwa akilia kimya. Nikadhani analilia Nairobi, nikaanza kumwahidi kwamba tutaenda sisi wawili, hata kwa lori. Akatikisa kichwa. Tulipofika mlangoni alisema, neno moja moja, nami nikangoja kila moja.

"Mambo ya nepi. Kwa nini uliandikia watu?"

Nikamwambia ni mama yake mdogo aliyewasomea.

"Ni wewe uliandika."

Ilipofika saa ya kumbadilisha, aliushika mkono wangu kwa vidole vyake vigumu na kuusukuma. Akasema nimwite mama wa nyumba ya pili aje yeye, na mimi nibaki nje. Nikaenda kumwita.