Madarasa Mawili Kwenye Mteremko

Ukilitaja Bonde la Kilombero, wengi huona ardhi iliyolala, mpunga mpaka macho yachoke. Hawakosei. Lakini ukitoka Ifakara kwenda Kidatu, upande wa kushoto milima inasogea karibu na lami, na kuna vijiji ambavyo mtu akidondosha chungwa mlangoni kwake atalifuata kwa jirani. Katika kimoja cha vijiji hivyo nilichora madarasa mawili ya shule ya msingi.

Watu waliniita injinia. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, nachora ramani mjini Ifakara, na nilishachoka kuwasahihisha.

Shule ilikuwa upande wa milimani na ilikuwa imejaa. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakivuka lami kwenda kusomea kwenye ghala la zamani la mpunga. Mwaka huo, mwezi wa tatu, mmoja wao aligongwa na lori. Mwalimu mkuu, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu, ndiye aliyemwokota. Hakufika naye hospitali.

Siku ya kwanza nilipokwenda kupima kiwanja nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nakuomba kitu kimoja. Januari mtoto wangu yeyote asivuke ile barabara."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mengine yote yalikuwa vipimo.

Ramani tuliyopewa ilikuwa ya kiwanja tambarare: madarasa mawili yameshikana, sakafu moja. Kiwanja chetu kilishuka karibu urefu wa mtu mzima kutoka ukuta wa juu mpaka wa chini. Nikachora upya. Nililitenga darasa la chini na la juu, kila moja na msingi wake, ngazi chache katikati, na njia ya mteremko mdogo kwa mtoto asiyeweza ngazi. Kila darasa likanyage udongo ambao haujawahi kuguswa.

Kamati ya ujenzi haikuipenda. Mwenyekiti wake, mkulima wa mpunga mwenye sauti kubwa, aliishika karatasi kwa mbali kama mtu anayesoma barua ya kufiwa.

"Sasa injinia, nani atakubali mwanawe asome shimoni na wa mwenzake asome juu?"

"Si shimoni, mzee. Ni mteremko."

"Mteremko unasawazishwa. Sisi hapa tunasawazisha majaruba ya mpunga tangu hatujaota meno."

Walicheka. Nami nilicheka. Tukaachana bila kuelewana, nikaenda Mlimba kwenye kazi nyingine kwa wiki mbili.

Niliporudi, kiwanja kilikuwa kimelala. Kijiji kizima kilikuwa kimejitokeza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Walichimba upande wa juu, wakabeba udongo kwa karai na kuumwaga upande wa chini, wakauzuia kwa tuta nene. Kisha wakamwaga maji, na mfugaji mmoja Msukuma akaleta ng'ombe wake wazunguke juu yake asubuhi mpaka jioni, kama wanavyovuruga jaruba kabla ya kupandikiza. Jua liliposhika, juu pakawa pagumu kama sakafu.

"Ng'ombe wa huyu bwana wamepata kazi ya serikali," mwenyekiti aliniambia.

"Basi wapewe posho," mfugaji akajibu, "na wewe mwenyekiti uwaamkie."

Hapa naomba nieleze taratibu, maana kosa hili si la ujinga. Aliyewahi kuuza mpunga anajua kwamba debe lililojaa, ukilitikisa, linashuka. Mpunga haujapungua, umekaa tu. Udongo uliomwagwa ni hivyo hivyo. Dawa yake ni kuujaza kidogo kidogo, shibiri moja, unaunyevusha, unaushindilia, ndipo unaongeza shibiri nyingine. Kwato za ng'ombe zinafika juu tu. Zinatengeneza ganda linalozuia maji yasipotee. Kwa mpunga hilo ndilo unalotaka. Watu wale walifanya kazi yao vizuri sana, ila ilikuwa kazi ya shambani.

Nilichukua nondo, nikaisimamisha upande wa chini. Nilipovunja ganda, ilizama kina cha kunifika kiunoni bila nyundo.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Pana kasoro hapo, mwanangu?"

Kina mama walikuwa wanapakua wali. Mikono ya watu ilikuwa na malengelenge. Ilikuwa mwezi wa tisa. Nikahesabu miezi kichwani: kuutoa udongo wote, kuanza upya, mvua. Ningeweza kusema "ndiyo, pana kasoro", na wangenichukia mpaka jioni tu.

Nilisema, "Tutaongeza nondo kwenye msingi."

Nikachora mkanda mnene wa zege unaozunguka madarasa yote mawili na kuyafunga pamoja. Nilijiambia kwamba ukiyafunga vizuri, lililo imara litalishikilia lililo dhaifu. Nikaweka sahihi.

Desemba bati lilipanda. Mwalimu mkuu alipanga madawati mwenyewe na kuchora herufi ukutani kwa rangi ya bluu, a, e, i, o, u, kila moja kubwa kama sahani. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha siku mbili. Alinipigia simu.

"Kuna kaufa kamoja dirishani. Fundi anasema ni plasta."

Nilipofika, ufa ulianzia kona ya dirisha la darasa la chini na kushuka kwa mshazari mpaka sakafuni. Nilichora mstari wa penseli pale ulipoishia. Baada ya siku nne ulikuwa umeupita mstari, na kidole changu kiliingia. Kisha nikaona kitu nilichokiogopa zaidi: ufa wa pili, kwenye darasa la juu, lile lililosimama kwenye udongo mgumu. Msingi wa chini ulikuwa unazama, na mkanda wangu ulikuwa unalivuta darasa la juu liufuate. Bila mkanda ule tungebaki na angalau darasa moja salama.

Niliwaeleza hivyo, kamati na mwalimu, tukiwa tumesimama kwenye matope. Sikuficha nondo wala sahihi.

Mwenyekiti alisogea, akapitisha kidole kwenye ufa. Kisha akasema, safari hii kwa sauti ndogo, "Siku ile ulikula wali wetu. Ungesema."

"Ningesema, mzee."

"Tungekutukana."

"Najua."

"Kisha tungechimba."

Mwalimu mkuu hakuwa na muda wa hayo. "Nipe neno moja tu. Waingie, wasiingie?"

"Wasiingie, mwalimu."

Alitoa funguo mbili mfukoni, akafunga milango yote miwili, akarudi ofisini. Herufi za bluu zilionekana dirishani.

Ninafundisha mafundi wachanga siku hizi, na huwa nawaambia wasiogope kurudi nyuma, kwamba watu wazima hustahimili habari mbaya kuliko tunavyowadhania. Neno hilo nalisema kwa upole, maana nataka walisikie. Siwaambii nililipataje.

Siku ya kufungua shule nilikwenda, ingawa hakuna aliyeniita. Darasa la kwanza walikuwa wamepangwa pembeni ya lami, tayari kuvuka kwenda ghalani, wawili wawili, sare mpya zikiwa zimewazidi. Mwalimu mkuu alisimama katikati ya barabara na kitenge chekundu mkononi. Basi lilipiga honi kutokea mbali. Hakugeuka kuniangalia.

"Shika upande ule," alisema.

Nikashuka barabarani, nikanyoosha mikono.