Kuku Aliyekoroma na Jibu la Chini Kabisa

Krrr. Kimya. Krrr tena. Mtetea wa mama alikuwa anakoroma kama mzee aliyeshiba obusuma, ugali wetu, na mpaka leo nikisikia mtu anavuta kamasi namkumbuka yeye. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Wakwe wa dada yangu walikuwa wanakuja Jumamosi, na jogoo wa kuwachinjia alikuwa analala banda moja na huyo mgonjwa. Kwetu, mkwe hata umpe wali na nyama ya ng'ombe, bila ingokho, yaani kuku, atarudi kwao akisema hakukaribishwa.

"Si uulize hiyo simu yako," mama akaniambia.

Nikaandika: kuku anakoroma, uso umevimba. Jibu la kwanza lilikuwa la muuzaji wa chakula cha kuku. La pili lilieleza maana ya kuota kuku. Hilo nililisoma lote, maana napendanga ndoto. Lilisema nitasafiri ng'ambo. La tatu lilitoka nchi ya theluji: kuku wasipigwe na baridi, waweke pamoja wapeane joto. Mama akaanza kuziba madirisha ya banda kwa magunia.

Kaka yangu, ambaye kazi yake ni kutengenezea maduka ya mjini kurasa za mtandaoni, akatukuta hapo.

"Mama, unawapika wakiwa hai?"

"Simu imesema."

"Jibu la ngapi hilo?" Akaichukua, akateremka kwa kidole, akateremka, mpaka kwa maelezo ya kikundi cha wafugaji wa Shianda. Picha zilikuwa na giza, lakini uso uliovimba ulikuwa ule ule. Mafua ya kuku, waliandika. Mtenge mgonjwa leo hii, asinywe maji chombo kimoja na wenzake, banda lipate hewa, mwite daktari wa mifugo.

"Sasa mbona hawa wa kwetu wametupwa huko chini?" nikauliza.

"Mtambo wa kutafutia haujui kuku. Unaangalia maneno, na kurasa ngapi zingine zinamtaja mtu. Huyo wa theluji anatajwa kila mahali. Muuzaji naye amelipia akae mbele. Hawa wa Shianda nani anawataja?"

Mama alikuwa tayari anavuta magunia chini. "Ni kama kanisani," akasema. "Anayeomba kwa kelele ndiye tunamwona mtakatifu."

Mtetea akahamia jikoni, kwenye kikapu. Daktari akaja akamchoma sindano, akamkagua jogoo, akasema huyu ni mzima. Jumamosi tukamchinja. Baba mkwe alipewa firigisi, kipande cha heshima, akaila polepole akitikisa kichwa kwa utamu, na dada yangu akaanza kupumua vizuri. Huko jikoni mgonjwa naye alidonoa mahindi kwa mara ya kwanza.

Wageni walipoondoka niliosha sufuria, nikakaa peke yangu kwenye ngazi ya nyuma. Kaka alikuwa amesema watu wakibonyeza ukurasa na kukaa hapo, huenda mtambo ukaona, ukaupandisha juu. Huenda tu. Nikaandika maneno yale yale. Nikampita muuzaji, nikaipita safari yangu ya ng'ambo, nikaipita theluji, nikawafungua wa Shianda. Nikawasoma tena kutoka juu mpaka chini, bila haraka, kama mtu ambaye kuku wake bado anakoroma.