Matrikule ya Baba Mara Saba

Siku baba yangu alipoandikwa kazi ya reli, alipewa matrikule 142857. Matrikule ni namba ya mfanyakazi, ile inayokaa kwenye kadi, kwenye ovaroli, hata kwenye bakuli la chakula. Wenzake walizisahau zao walipostaafu. Baba aliizidisha yake.

Kwa mbili alipata 285714. Kwa tatu, 428571. Akaendelea hadi sita, na kila mara zilitoka tarakimu zilezile, kwa mfuatano uleule, ila zimeanzia mahali pengine. Mtu mwingine angeishia hapo. Baba akatugawia watoto wake: wa kwanza 142857, wa pili 285714, hadi wa sita 857142. Kila Jumapili kabla ya misa alitupanga kwa umri uani kwetu Kamalondo, akafanya apeli. Unasikia namba yako, unaitika "prezan".

Mimi ni binti yake, mtoto wa saba. Mara saba inatoka 999999.

Hakuna hata tarakimu moja ya nyumbani. Kaka mkubwa alinieleza jambo hilo bila hasira, kama anayetoa taarifa: "Weye balikuokota ku gare." Yaani waliniokota stesheni ya treni.

Niliamini. Nilikuwa na miaka minane, na hesabu ilikuwa upande wake. Nilimwomba baba anibadilishie namba, akaniambia nizidishe mwenyewe. Nilimaliza daftari zima, tisa tupu. Mama, nilipomuuliza, alisema mimba yangu aliibeba miezi tisa na yeye hakosei kuhesabu. Hiyo tisa nyingine ilizidi kunitia wasiwasi.

Ukubwani nilijifunza kucheka wakinitania, lakini iliniuma, sitadanganya. Kwenye picha za familia nilikuwa bado natafuta pua yangu katika nyuso zao.

Noeli iliyopita tulikutana kwa baba sote saba. Kwa miezi mingi alikuwa hakumbuki jina la mtoto yeyote. Mimi alikuwa akinikaribisha kwa heshima zote, kama mgeni kutoka parokia. Baada ya kula akasimama, akataka apeli. Tukajipanga uani, watu wazima wenye vitambi, kaka mkubwa na mkongojo wake. Baba akamtazama, akasema 571428. Dada anayemfuata akapewa 857142. Tarakimu zote zilikuwa sahihi, ila zilianzia pasipo pake, na kila mtoto akawa mtoto mwingine. Hakuna aliyeitika. Dada akaanza kulia.

Akaja mbele yangu. Nilitamani kutoka kwenye mstari.

"Tisa, tisa, tisa, tisa, tisa, tisa," alisema. "Huyu iko wa mwisho. Huyu iko wangu."

Tisa sita hazina pa kuanzia vibaya. Kaka mkubwa akanung'unika kwamba aliyeokotwa ndiye anayejulikana. Nina miaka hamsini na miwili. Niliitika "prezan".