Win Setchell na Njiwa wa Shamba la Papworth

Katika nchi tambarare ya Fens, mashariki mwa Uingereza, ambako mifereji imenyooka kama iliyochorwa kwa rula na upepo hauna kilima cha kuuzuia, Win Setchell alijulikana zaidi kwa kupiga njiwa kwa bunduki kuliko kwa jambo lingine lolote. Si njiwa wa kufugwa, ni njiwa-mwitu, wale wanene wa kijivu wenye baka jeupe shingoni, ambao hushuka makundi kwa makundi mara tu ngano inapovunwa. Wakimaliza punje zilizobaki kwenye mabua, huhamia kwa jirani ambaye bado hajavuna. Mkulima akipiga simu, Win alitupa wavu, kigoda na mbwa ndani ya gari lake dogo, akaenda.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Len, wakiwa bado wapya katika ndoa. Len alikuwa mtunza pampu za mifereji, mpole, asiye na maneno mengi. Alipofariki, watu walitarajia bunduki zingeuzwa. Win akazibakiza.

"Sasa mnataka nikae ndani nifume soksi?" aliwauliza. "Nimfumie nani?"

Basi akaendelea. Alipanga njiwa wake wa bandia kwenye mabua, vichwa vikielekea upepo utokako, akaacha uwazi katikati ili wale wa kweli wapate pa kutua. Yeye mwenyewe alijificha nyuma ya wavu kando ya mfereji. Nyama nyingine alipika pai, nyingine alimpelekea mwenye bucha, nyingine aliiacha milangoni kwa wazee wenzake bila kubisha hodi.

Tatizo lilikuwa masikio. Yalimwacha taratibu, kama maji yanavyopungua mferejini, na kwa muda mrefu Win alidhani watu ndio waliozoea kuongea midomo ikiwa imefungwa. Hilary Papworth, binti wa mkulima ambaye Win alimpigia njiwa zaidi kuliko wote, alikuwa akimsema kila wanapokutana.

"Shangazi Win, nenda kapimwe masikio."

"Ya nini? Umri huu nimeshasikia yote ya maana."

Watu wakacheka, naye akacheka, mambo yakaishia hapo. Hakumwambia Hilary wala mtu mwingine kwamba siku hizi hata bunduki yake mwenyewe ilisikika kama mlango unaofungwa chumba cha pili.

Rowland Papworth, babake Hilary, alikuwa rafiki wa Len tangu utoto, na Len alipokufa urafiki ule ulimhamia Win bila mtu kutamka neno. Kila Win alipopiga njiwa shambani kwake, Rowland alimletea chai. Walikuwa na utaratibu: anapita njia ya trekta, mahali pa wazi, akipunga kofia, na Win anaweka bunduki chini.

Asubuhi moja ya Agosti, siku iliyofuata baada ya kombaini, mashine ya kuvunia, kutoka shambani, njia ile ilikuwa imezibwa na tela la marobota ya majani. Rowland akazunguka nyuma ya uzio wa miti, chupa ya chai mkononi, akiita. Aliita tena, na tena.

Win alikuwa ameshakasirika. Njiwa walikuwa wakipita juu mno, na wachache walioshuka aliwakosa. Mbwa wake aliinuka, masikio yamesimama, akautazama uzio.

"Kaa chini," Win akamwambia.

Hapo njiwa mmoja akaibuka chini-chini, sambamba na uzio. Len alikuwa amemfundisha sheria moja kabla ya kumruhusu hata kuigusa bunduki: kama huoni anga nyuma ya ndege, huvuti kifyatuo. Kwa miaka yote Win hakuwahi kuivunja. Siku hiyo alivuta.

Ndege akaenda zake. Lakini kilichosogea nyuma ya majani hakikuwa ndege. Win akatupa bunduki, akakimbia jinsi magoti yalivyomruhusu. Alimkuta Rowland ameketi juu ya mabua, kiganja usoni, damu ikipita kati ya vidole.

"Nilikuita, Win," alisema. "Nimekuita mpaka koo limeuma."

Hilo alilisikia, kwa kuwa alikuwa amepiga magoti karibu na mdomo wake. "Sikusikia," akasema. Lilikuwa neno ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mtu.

Akamfunga uso kwa taulo la mbwa, akampakia garini. Njiani kuelekea hospitali Rowland alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, na kila mara alisema kwa sauti kubwa ili asikike.

"Nitawaambia nilikuwa napiga mwenyewe. Punje za marisau zikagonga jiwe, zikanirudia."

"Rowland."

"Wakijua ni wewe watakunyang'anya bunduki. Halafu utabaki na nini, bibie? Hiyo televisheni?"

Win aliendesha, macho barabarani, na ndani yake kitu kilichokuwa kimekaza kikalegea. Alipokitambua kitu hicho kuwa ni nafuu, uso ulimwaka kwa aibu. Lakini hakumkataza.

Madaktari wakayatoa marisau shavuni na shingoni. Moja lilikuwa limeingia jicho la kushoto. Jicho wakaliokoa, kuona wakashindwa kukurudisha. Na kwa kuwa jeraha lilikuwa la bunduki, polisi walikuja. Rowland akawapa hadithi yake ya jiwe. Walimsikiliza, kisha wakaenda nyumbani kwake wakachukua bunduki zake, kwani mtu anayejipiga mwenyewe hafai kuachiwa, na wakasema watarudi kwa maswali zaidi.

Hilary alifika kwa Win jioni ya siku hiyo. Hakuketi.

"Bunduki ya baba ilikuwa na vumbi," alisema, akitamka kila neno taratibu. "Nimeiona walipoitoa kabatini. Hajaigusa tangu Krismasi."

Win alikuwa akikausha sufuria. Aliendelea kuikausha ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Sikuja kukugombeza, Shangazi. Nataka uniambie tu."

"Ni mimi."

Hilary akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoikadiria. "Na sasa?"

"Sijui, mwanangu."

"Wanamuuliza kama anakunywa. Kama ana mawazo ya kujidhuru. Baba yangu, Shangazi."

Alipoondoka, Win alipiga simu polisi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kama nyuki ndani ya kopo. Akasema "rudia" mara nyingi mpaka akaona haya, akakata. Asubuhi alivaa koti alilovaa kwenye maziko ya Len, akaenda mjini mwenyewe.

Askari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, mstaarabu. Alimwuliza kama alimsikia Bwana Papworth akiita.

"Hapana."

"Alikuwa mbali?"

"Hakuwa mbali. Mimi ni kiziwi."

Wakaja kuchukua bunduki. Win alisimama mlangoni akimtazama askari akiibeba ile ya Len begani kama jembe, akataka kumwambia haibebwi hivyo. Cheti chake cha kumiliki bunduki kikafutwa. Kesi haikumpeleka jela. Alipewa onyo kali, na Rowland naye akapewa lake kwa kudanganya polisi.

Win alidhani ukweli ungemwondolea Rowland mzigo. Alipokwenda kumjulia hali, Rowland alimfungulia mlango nusu. Jicho bovu lilikuwa limefunikwa kitambaa.

"Nilikupa kitu, Win," alisema. "Umekirudisha mbele ya watu wote."

"Walikuwa wanakudhania mlevi."

"Afadhali mlevi kuliko mwongo. Sasa nina majina yote mawili." Akafunga mlango, si kwa nguvu.

Kijijini maneno yakaenea. Kwenye baa, vijana walijificha chini ya meza alipopita dirishani. "Inameni, Win huyo." Wengine walisema alifanya vizuri, lakini hata hao wakaacha kuzipokea pai zake, wakidai madaktari wamewakataza. Kliniki ikampa vifaa vya masikio. Vijiko vikaanza kupiga kelele, karatasi nazo, na nyayo zake mwenyewe zikamshtua sakafuni.

Majira ya baridi yakaingia. Shambani kwa Rowland chipukizi za zao la mbegu za mafuta ya kupikia zilikuwa zimeota vizuri, na njiwa wakazigundua. Vijana wenye bunduki aliowaita kutoka mjini walikuja mara moja tu, wakapiga kelele nyingi na ndege wachache, hawakurudi. Kila asubuhi shamba lilikuwa la kijivu kwa migongo ya njiwa.

Win akaanza kwenda kuwafukuza. Hakuomba ruhusa. Alitembea kutoka kona hadi kona ndani ya matope, akipiga ndoo kwa fimbo, na kundi liliinuka mbele yake, likazunguka, likatua nyuma. Akageuka, akalifuata. Watu waliopita barabarani walipunguza mwendo wa magari kumtazama. Hilary alimwambia aache, ataugua mapafu. Akasema anajinyoosha miguu.

Rowland alimwona pia, kutoka dirisha la jikoni, siku nyingi, na hakutoka. Mazao yaliendelea kuliwa, ingawa si kama ya majirani. Kisha asubuhi moja ya Februari, mvua ya barafu ikianza, alifungua mlango wa nyuma na kumpungia mkono aingie.

Hakusema amemsamehe. Alimwonyesha kiti. Akaweka vikombe, akachukua jagi la maziwa na kumimina, na kwa jicho moja hakupata vizuri mahali kikombe kilipo. Maziwa yakatapakaa mezani, yakaanza kudondoka sakafuni.

Win akainuka kutafuta kitambaa.

"Kaa," Rowland akasema. "Nitayafuta mwenyewe."

Win akakaa, mikono mapajani, akamtazama akifuta.