Vitanda vya Malkia

Niliwahi kuwa malkia kwa wiki saba, na muda wote huo nilikuwa nadeki kliniki moja ya watu binafsi hapa Dubai, zamu ya asubuhi. Himaya yangu ilikuwa Ghana, katika kijiji ambacho sijatia mguu mpaka leo.

Chanzo ni vitanda. Kliniki iliponunua vipya, vile vya zamani vitano vilisukumwa nje karibu na mapipa ya taka, vizima kabisa, kosa lao mikwaruzo. Mwenzangu wa chumba pale Al Nahda, Mghana anayesuka nywele, alishanisimulia kwamba kwenye zahanati ya kwao wanawake wanajifungulia kwenye benchi, na mdogo wake alikuwa na mimba ya kwanza. Nikamwomba madam, meneja wetu, anipe vitanda. "Chukua, yalla, vinachafua macho," akasema. Wasafirishaji wa Ras Al Khor, wanaopeleka vipuri Afrika Magharibi, wakavizungushia nailoni, wakavibana kwenye kontena katikati ya injini. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha. Kwa watu wa mwenzangu, mgeni aliyeleta maendeleo hapewi cheti cha kutundika ukutani, anatawazwa. Baraza la wazee lilikuwa limenichagua kuwa malkia wao wa maendeleo. Nilicheka, halafu nikauliza nguo ni za rangi gani.

Nilitawazwa Jumapili mchana sebuleni kwetu, wazee wakitazama kwenye simu. Wanawake wa Kighana wa jengo letu walinifunga kente, kitambaa chao cha sherehe, wakanishusha mara mbili juu ya kigoda, ambacho kwao ndicho kiti cha enzi, chetu kikiwa cha plastiki kilichotoka bafuni, mara ya tatu wakaniachia nikae. Kinywaji cha kuwakumbuka waliotangulia kilikuwa soda, na kilimwagwa kwenye beseni kwa sababu zulia ni la mwenye nyumba. Mimi Mwislamu wa Tanga nilishika beseni, nikaangalia pembeni. Nikaelezwa kwamba tangu siku ile malkia hasemi na watu moja kwa moja, ana msemaji. Msemaji wangu akawa mwenzangu wa chumba. Aliponiuliza nani kamaliza maji ya moto, ilibidi ajijibu mwenyewe kwa niaba yangu.

Nilituma picha kwa mama, mama akazionyesha mtaa mzima. Shangazi ambaye hakuwahi kunipigia alinipigia. Nilivimba kichwa, sikatai. Hata mopu nilikuwa naisukuma kwa madaha.

Vitanda vikafika kijijini na kupelekwa moja kwa moja nyumbani kwa chifu, vikafungiwa ndani vikiwa bado na nailoni ya safari. Zawadi ya malkia, walisema, haiguswi kabla malkia hajaja kuikabidhi kwa mkono wake. Wakati wakinisubiri, wazee walichongesha kibao chenye picha yangu. Nisiwacheke sana. Shuleni kwetu choo kipya kilikaa na kufuli muhula mzima kikimsubiri mgeni rasmi, na sisi tukawa tunakimbilia migombani.

Nikaomba likizo. Madam akasema inshallah, na mtu aliyekaa Dubai anaijua inshallah ya namna ile.

Mdogo wa mwenzangu akaingia mwezi wa tisa. Wiki hiyo hiyo mwanamke mwingine wa pale kijijini alianguka kutoka kwenye benchi akiwa na uchungu, akavunjika mkono. Mwenzangu alinisimulia huku anakunja nguo, hanitazami. Niliona aibu kubwa.

"Waambie malkia ameruhusu vitumike," nikamwambia.

"Nimewaambia mara tatu, sista. Wanasema malkia aje aruhusu akiwa pale."

"Na nisipoweza kwenda?"

Akakunja shati moja polepole. "Zawadi ya mtu wa kawaida haina sherehe, inatumika siku hiyo hiyo. Ila wewe si mtu wa kawaida tena."

Ndipo akanieleza kwamba kwao, malkia akivuliwa viatu mbele ya wazee, nyayo zake zikagusa ardhi, cheo kimekwisha. Khalas.

Ningependa kusema nilikubali pale pale. Nilikaa nalo siku mbili nikimfikiria mama, shangazi na zile picha. Siku ya tatu mwenzangu alinipigia nikiwa kazini: mdogo wake ameanza uchungu, wanamkokota kwenda zahanati. Nikaingia stoo ya mafagio, nikamwambia awaunganishe wazee kwenye simu, sote tuonane.

Walitokea wanne, chifu katikati. Nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikawasalimu kwa mdomo wangu mwenyewe bila kumpitia msemaji, na hilo peke yake likawashtua. Kisha nikavua viatu vyangu vyeusi vya kazi, nikavua na soksi, nikasimama kwenye sakafu yenye maji ya sabuni. Nikainamisha simu waone vizuri. Mzee mmoja akaziba macho kwa kiganja.

Chifu akasema kitu kwa lugha yao. Mwenzangu akanitafsiria.

"Anauliza, sasa vitanda ni vya nani?"

"Mwambie ni vya mwanamke anayedeki. Aliviokota jalalani."

Chifu aliitazama miguu yangu muda mrefu. Halafu akamwita mtu, akampa ufunguo.

Mtoto wa kike alizaliwa alasiri ile kitandani, na nailoni ilikuwa bado haijabanduliwa kwenye miguu ya kitanda. Mama yangu alininunia mwezi mzima. Nilimwelewa, maana hata mimi nilimlilia yule malkia mle stoo, kabla sijavaa soksi na kurudi kudeki.