Hodi Mlangoni pa Behewa

Zamani za Wadachi mimi nilikuwa mtu mkubwa pale Dodoma. Nilikuwa nimesoma shule, nilikuwa na viatu, na nilijua kuamkia kwa Kidachi. Mtu wa namna hiyo haambiliki.

Ikaja habari kwamba kaka yangu, kuli wa bandarini Dar es Salaam, anaumwa kifua na anamtaka baba. Baba akatoka kijijini kwetu Ihumwa na kibuyu cha asali, kaniki mpya begani, tukakutana stesheni. Alitaka jambo moja tu, kumwona mwanawe angali hai. Mimi nami nilitaka langu: makarani wa stesheni wasijue kwamba yule ni baba yangu.

Garimoshi likaingia. Msimamizi wa stesheni, Mdachi ambaye masharubu yake yalipata mafuta mengi kuliko magurudumu, akatoa saa yake akaikodolea macho. Watu wakakanyagana kupanda. Baba hakukanyagana na mtu. Alisimama mbele ya mlango wa behewa, akavua makubazi, akasema kwa adabu:

"Hodi!"

Kiswahili chake alikiokota kwa wapagazi wa misafara, nao walimfundisha neno pamoja na sheria yake: huingii kwa watu mpaka uambiwe karibu, na ukipiga hodi tatu usijibiwe, nenda zako. Behewa zima likaangua kicheko. Karani wa tiketi akaniuliza, "Huyu mzee ni wako?"

"Simjui," nikasema, nikarukia ndani.

"Hodi!"

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nilijua Kidachi cha kumsalimu bwana mkubwa asubuhi, mchana na jioni, lakini kusema "karibu" kulinishinda. Nikatazama viatu vyangu.

"Hodi!"

Filimbi ikalia. Baba akangoja kidogo, akavaa makubazi yake, akarudi nyuma kwa heshima zote, kama mtu aliyekuta wenyeji hawapo. Garimoshi lingine lilikuwa la juma lililofuata.

Wanaisifu sana njia ile. Milima ya Uluguru ilipita, mito ikapita, ikaja minazi na upepo wa chumvi, na abiria wenzangu wakashangilia kila daraja kana kwamba wamelijenga wao. Mimi niliona aibu tangu Dodoma hadi pwani.

Kaka alikuwa amelala mkekani. Alitazama nyuma yangu, mlangoni.

"Baba hakuja?"

"Amekosa garimoshi," nikamwambia. Tulimzika siku ya nne.

Nikarudi Ihumwa. Nilisimama nje ya tembe letu jua likiwa kali, viatu mkononi, nikiomba moyoni baba anyamaze, mara moja, mara mbili, mara tatu, anifukuze kama nilivyostahili.

"Hodi," nikasema.

Hata sikulimaliza neno.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Kaka yako hajambo?"