Nilivyomwozesha marehemu mke wa pili nikipanga picha za familia Kawangware

Wakuu, habari za huko. Mwenye chai aiweke karibu, hii ni ndefu kidogo.

Sijasimuliwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, na nikiandika hapa bado nina furaha mpaka vidole vinakosa herufi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, mengine yote yako vile yalivyokuwa.

Mimi ni dada yenu Akinyi. Nina cyber ndogo huku Kianda, Kibera. Photocopy, passport size, kuprint, kulaminate. Hiyo ya kulaminate ikumbukeni, tutarudi hapo.

Kabla ya cyber niliwahi kufanya kazi ya kibarua kwenye archive moja hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuscan karatasi za zamani. Niliipenda sana, sijui kwa nini, labda ni umbea tu wa kusoma barua za watu. Mkubwa wangu kule alikuwa mama mmoja mpole, Madam Rehema.

Sasa juzijuzi Madam akanipigia.

"Akinyi, kuna familia kubwa Kawangware. Wana masanduku ya picha na barua, wamekubali kutuletea. Lakini mwenye kujua watu kwenye picha ni nyanya yao peke yake, na macho yanamuisha. Presha ya macho. Daktari amesema hayatarudi."

"Kwa hivyo nifanye?"

"Ukae naye uandike majina kabla hajaacha kuona. Picha bila majina hapa kwangu ni watu waliopotea."

Wakuu, nilifunga cyber hata wateja hawajaisha.

Hii familia mkiishi Kawangware mnaijua hata nisipoitaja. Mzee wao, marehemu, ndiye alitoa kipande cha shamba ikajengwa shule, akatoa kingine likajengwa kanisa. Zile ghorofa za kupangisha upande ule, uliza mwenyewe ni nani, utaambiwa ni wao.

Lakini katikati ya ghorofa zote hizo bado kuna nyumba ya mawe ya zamani, na ng'ombe mmoja nyuma yake. Hapo ndipo anakaa Cucu Wambui, yaani Nyanya Wambui kwa Kikuyu, mjane wa mzee. Watoto walimwambia ahamie Karen kwa matajiri akakataa. Ati ng'ombe hatapenda Karen.

Cucu alinipokea na chai ya maziwa matupu.

"Wewe unatoka wapi?"

"Kibera, Cucu."

"Hapana. Kwenu."

"Siaya."

"Ai! Mjaluo atuandikie mambo yetu!" Akacheka mpaka akashika mgongo. "Keti. Kunywa chai kwanza. Picha haziendi mahali."

Nikampenda hapo hapo.

Masanduku yenyewe sasa! Yale ya chuma ya shule za bweni. Picha za mzee na baiskeli, picha za kanisa likiwa bado ni kuta nusu, za harusi, za watu wamesimama kama wamekatazwa kupumua. Na barua, wakuu. Mzee alipokuwa kijana alifanya kazi Mombasa, na alimwandikia Cucu bila kuchoka. Cucu hakuwa anajua kusoma siku hizo, kwa hivyo barua za mapenzi alisomewa na mwalimu wa shule mbele ya mama mkwe. Ndiyo maana zote zinaanza na ng'ombe, zinapita kwa mbuzi, halafu mwisho kabisa, kwa haraka, "na wewe pia nakukumbuka."

Nilisoma hiyo mara ya kwanza nikatoka nje kidogo nikajikaza.

Mtoto wa kwanza wa Cucu ndiye msimamizi wa mambo yote. Wanamwita Baba Wambui, kwa sababu msichana wake wa kwanza ni Wambui. Hiyo pia ikumbukeni. Mzee wa kanisa, suti kila siku, hacheki ovyo. Siku ya kwanza alikuja amebeba mashine ya kulaminate, mpya, bado iko kwa karatasi yake.

"Tulaminate zote. Zisiharibike."

Mimi ambaye nakula kwa kulaminate ndiye nikamwambia asilaminate! Nikamweleza vile Madam alinifundisha: plastiki ikishashika kwa moto haitoki tena, picha inaivia humo ndani. Sellotape tunatoa, pini zenye kutu tunatoa, kila picha inaingia kwa bahasha yake, na tunaandika kwa penseli, biro hapana. Zile albamu za kurasa zenye gundi tunabandua pole pole kwa uzi wa kusafishia meno.

Aliniangalia kama mtu amesikia sadaka imefutwa kanisani. Lakini mashine akairudisha kwa gari.

Basi tukaanza. Mimi na Cucu dirishani, picha baada ya picha. Anaileta karibu na pua, anageuza kwa mwanga, anasema. Mimi naandika kwa penseli juu ya bahasha, jioni naingiza kwa laptop. Siku zingine alikuwa anaona vizuri tukacheka tu. Siku zingine alikuwa anasema, "Leo kuna moshi," na hakuna moshi. Siku hizo penseli yangu ilikuwa inakimbia.

Sasa njooni kwa lile bomu.

Picha moja ya rangi. Mzee ameketi kwa kiti nje ya nyumba, suti nzuri. Kando yake amesimama mwanamke kijana, kitambaa kichwani, gauni refu la sare ya akina mama wa kanisa, mkono juu ya bega la mzee. Mkono juu ya bega, wakuu.

"Huyu ni nani, Cucu?"

Cucu akatabasamu. "Huyu? Huyu ni muiru wakwa."

"Muiru ni nani?"

"Si bibi mwingine wa bwana yako. Nyinyi mnasema mke mwenza."

Nikauliza polepole, kwa heshima, "Anaitwaje?"

"Anaitwa kama mimi tu. Jina ni moja." Akacheka tena.

Nikajiambia, haya, jina moja, yaani wote ni wake wa boma hili, wanatumia jina la mzee. Na kile kicheko nikakiona ni cha mwanamke aliyevumilia mengi. Nilimhurumia sana. Nikaandika kwa penseli, na kwa mwandiko mzuri kabisa: Mzee akiwa na mke wake wa pili.

Orodha ya kwanza ikawa tayari. Nikamtumia Madam, nikamtumia na Baba Wambui aipitie. Orodha ya maneno tu, picha hazikuwemo. Yeye akaiweka kwa group ya familia bila kuisoma, ati wote waone kazi inavyoenda.

Wakuu, mnajua Nairobi. Mzee mwenye ghorofa akishakufa, halafu mke wa pili atokee, huyo hatokei peke yake. Anatoka na watoto, watoto wanatoka na wakili.

Simu ya Baba Wambui ilinipata nikilaminate cheti cha mtu.

"Wewe msichana! Hii maneno umeandika ni ya nani? Bibi wa pili gani? Baba yangu alianzisha kanisa!"

"Mzee, ni Cucu mwenyewe aliniambia..."

"Usitaje mama yangu! Hiyo sanduku haiendi mahali. Na wewe usirudi hapa."

Akakata.

Nilikuja kusikia baadaye kwamba group iliwaka. Kitinda mimba wao, Uncle Ndung'u, ndiye aliharibu zaidi. Akaandika ati yeye alikuwa anajua kitambo. Ati mzee hakukaa Mombasa bure. Ghafla zile barua za ng'ombe na mbuzi zikawa ushahidi. Mmoja akasema zichomwe kabla wakili hajaziona.

Zichomwe!

Nilifunga cyber nikaenda kwa mama yangu, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapo tu karibu. Nilikuwa nalia wazi, sina haya kusema. Sikulilia kazi. Nililia kwa sababu sanduku moja lilikuwa halijafunguliwa kabisa, na kila siku tunayogombana, moshi unaongezeka machoni mwa Cucu.

Mama akanisikiliza huku anapima omena. Nilipofika kwa lile neno, mke mwenza, akasimamisha mkono.

"Alisema akicheka?"

"Eeh."

"Na jina lao ni moja?"

"Ndiyo nakwambia."

Mama akaweka chini kile kikopo akaangua kicheko, mpaka mteja naye akacheka bila kujua ni nini.

"Nyathina, mwanangu! Kwani dani alikuwa anakuita nani?"

Wakuu.

Dani ndiye nyanya. Nyanya yangu wa Siaya, mama yake baba, aliniita nyieka maisha yake yote. Nyieka, mke mwenza wangu. Nikifika likizo anasimama mlangoni anapiga kelele, nyieka amekuja kuninyang'anya bwana! Mjukuu wa kike ni mke mwenza, wa kiume ni bwana. Ni utani wa nyanya. Nimelelewa ndani ya huo utani. Lakini nilipousikia kwa Kikuyu, nikadhani ni habari ya mahakama.

Nilichukua boda mpaka Kawangware. Yule jamaa alidhani nafukuzwa, nami nilikuwa namwambia aongeze.

Nilikuta kikao. Sebule imejaa, Baba Wambui kwa kiti cha katikati, Uncle Ndung'u kando, Cucu kwa pembe yake anakunywa chai. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kikao ni cha nini! Walikuwa wanamlinda asiumie.

Baba Wambui akasimama. "Nilikwambia nini?"

"Mzee, unifukuze, sawa. Lakini fungua ile bahasha uangalie picha. Wewe umesoma orodha tu."

"Sitaki kumuona huyo mwanamke."

Cucu akauliza, "Mwanamke gani?"

Kila mtu akaangalia viatu.

Nikasema mimi. "Cucu, ni ile picha ya muiru wako."

"Aa!" Uso wake wote ukafunguka. "Leteni. Waangalie vile alikuwa amependeza."

Baba Wambui akaitoa kwa vidole viwili, kama mtu anatoa panya. Akaitazama. Akaisogeza karibu. Akatoa miwani akavaa.

"Lakini... huyu ni Wambui."

Uncle Ndung'u akanyoosha shingo aone.

"Huyu ni Wambui wangu! Siku ile alivaa nguo za Cucu akatuchekesha, kabla aende Canada!"

Msichana wake mwenyewe, wakuu. Wa kwanza, kwa hivyo jina alipewa la mama yake baba, ndiyo desturi. Anaitwa kama mimi tu. Jina ni moja.

Cucu aliangalia upande ule sauti zilikuwa zinatoka. "Kwani mlifikiria nini?"

Mkamwana mmoja akamnong'oneza. Cucu akaweka kikombe chini.

"Ngai! Yaani mlisikia nina mwenzangu wa kunisaidia kukamua ng'ombe, na hamkumleta?"

Sebule ililipuka. Baba Wambui, yule wa suti, alicheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu akaendelea kushika ile picha, na machozi yakamtoka, kwa sababu Canada ni mbali. Uncle Ndung'u akakumbuka ana simu ya kupokea nje.

Kesho yake nilirudi kazini, na chai ikawa imeongezwa maandazi.

Nilifuta ile penseli. Niliandika neno lenyewe, vile Cucu alilisema: "Muiru wakwa." Halafu chini yake maelezo: mke mwenza wangu, na kwamba hivyo ndivyo nyanya humwita mjukuu wake wa kike, hasa mwenye jina lake. Madam Rehema alifurahi kupita kiasi. Akasema sasa archive haina sura tu, ina na sauti ya Cucu.

Sanduku la mwisho lilikuwa gumu. Moshi ulikuwa umejaa. Picha chache za mwisho hakuweza kuziona kabisa, hata puani. Kwa hivyo mimi nikawa macho.

"Ni mwanaume, Cucu. Mrefu. Amevaa kofia. Ameshika baiskeli."

"Anacheka?"

"Hapana."

"Kofia imelala upande?"

"Eeh, wa kushoto."

Alinyoosha mkono nimpe. Akaishika tu kwa pembe, vile nilimfundisha, bila kugusa uso wa picha. "Huyo ni bwana yangu," akasema. "Andika."

Niliandika. Tulimaliza, wakuu! Masanduku yote yako archive sasa, kila mtu na jina lake, na barua za mbuzi zimelala kwa bahasha safi. Familia ilienda yote kuyapeleka. Cucu alivaa ile sare yake.

Niliyojifunza ni hili. Neno la mtu liandike vile alivyolisema, tafsiri yako ikae pembeni. Na usidhani jirani wa kabila lingine lazima awe na mambo mageni. Mimi nilivuka kutoka Kibera mpaka Kawangware nikashindwa kutambua mzaha wa nyanya yangu mwenyewe.

Dani alishafariki. Sina picha yake hata moja.

Siku ya mwisho nilimwambia Cucu hivyo, sijui kwa nini ilinitoka. Akamwita Baba Wambui atupige picha mlangoni, ng'ombe akiwa nyuma. Akanishika bega kwa nguvu. Nikamuuliza tuandike nini kwa bahasha.

"Si unajua kuandika? Andika muiru wakwa wa Kibera."

Iko huko archive, kwa penseli. Kopi yake nimeitundika hapa cyber, juu ya mashine.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu nyanya alikuwa anakuita nani? Semeni na lugha yenu, na kama bado yuko hai, fungeni simu muende mkamuulize majina ya watu kwenye picha.

Na kabla mtu aniulize: hapana, sijailaminate.